Kopo la Pili

14 Oktoba

Leo mvua ya kwanza imenyesha Kolwezi, na mimi nimenunua daftari hili ili nisisahau chuki yangu. Watu husema hasira ni hasara. Waache waseme. Hasira ndiyo iliyonipitisha mtihani wa Serikali, na hasira ndiyo itakayonipeleka Lubumbashi kusoma udaktari.

Ninayemchukia ni Dokta Kankolongo. Kwa ukoo ni mdogo wa baba yangu, kwa hiyo kwa adabu ninamwita tata, yaani baba. Ana kliniki yenye ukuta wa kijani ng'ambo ya barabara, na ndani yake ana kiti cha ngozi kinachozunguka. Baba yangu, Muteba, alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Mashamba. Alianza kukohoa baada ya Noeli iliyopita. Dokta akasema ni typhoid, akamtundikia serum, dripu ya mshipani. Baba akaendelea kukohoa. Dokta akasema ni malaria, akamtundikia serum nyingine. Mwezi wa pili akasema vipimo viko safi, mgonjwa arudi nyumbani akale vizuri. Mwezi wa nne tulimbeba baba hadi Lubumbashi, na huko walihitaji siku moja tu kuona kwamba ni kifua kikuu, kimekwisha kula mapafu yote mawili. Alikufa siku ya sita.

Kwenye matanga Dokta alikaa kiti cha mbele akasema Mungu amependa. Alikula nyama kabla ya wajomba. Mimi niliona.

Mwezi wa saba matokeo yalipotoka na jina langu likawemo, ni yeye aliyenimwagia poda nyeupe kichwani, kama afanyiwavyo kila anayepita mtihani, akapiga kelele hadi majirani wakatoka: "Huyu njo atakamata kiti yangu! Kuanzia leo bamwite Docteur!" Poda iliniingia machoni. Watu walidhani ninalia kwa furaha.

Vizuri, tata. Nitakikamata. Nitasoma miaka yote inayotakiwa, nitarudi, na wewe utatokea mlango wa nyuma.

15 Oktoba

Mvua. Majirani wamechimba kobalti chini ya sebule yao, sasa maji yamejaa shimoni na ukuta wetu umepasuka ufa mwingine. Wanatuomba ndoo. Tumewapa.

23 Oktoba

Ukoo umekutana. Matanga ya baba yataondolewa Jumamosi ya tarehe 18 Aprili. Siku hiyo mama atavua nguo nyeusi, na mtoto mkubwa wa marehemu atapewa nafasi ya kusema mbele ya wote. Mtoto mkubwa ni mimi, Ndaya.

Sitahitaji kungoja miaka saba ya udaktari, basi. Nitasema yote siku hiyo, naye akiwa amekaa kiti cha mbele.

6 Novemba

Nimerudi jana kutoka Lubumbashi, kwenye mtihani wa kuingia kitivo cha udaktari. Tulikuwa wengi hadi wengine waliandikia magotini. Biolojia niliifanya vizuri, fizikia nusu nusu. Mwishoni walitupa karatasi tupu yenye swali moja: Kwa nini unataka kuwa daktari? Mistari kumi.

Nilikaa nalo dakika ishirini. Nilichokuwa nacho kichwani ni jina la mtu. Mwishowe niliandika kwamba ninapenda kusaidia watu. Msichana wa pembeni yangu aliandika maneno hayohayo, ila yeye aliyaamini, ilionekana usoni. Niliona aibu njia nzima, saa zote za basi.

20 Novemba

Nimepita! Masomo yataanza maprofesa watakapomaliza mgomo wao. Dokta Kankolongo amekuja na katoni ya soda, akamkumbatia mama kama vile ameninunulia akili sokoni. "Dada yangu wa Lubumbashi atakupa chumba," alisema. "Miaka saba si kitu. Mi nilifanyaka munane." Alicheka peke yake.

26 Novemba

Niandike ukweli, daftari halina mdomo. Sitaki kuwa daktari. Nimewatazama: wanakaa, mgonjwa anaeleza, wao wanaandika. Mimi ninachotaka ni kile kiti kiwe kitupu. Je, mtu husoma miaka saba ili kiti kiwe kitupu?

Nilimwambia mama nusu ya jambo. Alikuwa anapima unga wa mihogo uliofika jana kutoka Sandoa.

"Mama, na kama siende ku médecine?"

Hakuinua kichwa. "Utafanya nini? Utauzisha unga na miye?"

"Kuko kazi zingine mu hospitali. Si docteur peke yake njo anaponesha batu."

"Kazi gani? Taja."

Sikuweza kutaja hata moja zaidi ya uuguzi. Mama alicheka, jambo ambalo halifanyi mara nyingi tangu Aprili. "Mbele ya kukatala mboga, onja," alisema. "Mupaka mugomo itakwisha, utaenda kwa Mama Odile. Tunaimba naye ku korale. Hatakatala."

1 Desemba

Mama Odile ndiye mpimaji wa kituo cha afya cha parokia. Ana miaka karibu sitini, miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti inayotosha kanisa zima. Chumba chake, labo, kina meza moja, sinki, dirisha, na mikroskopu mbili. Moja ni ya umeme. Nyingine ni ya kioo, inachukua mwanga wa jua dirishani, na ndiyo inayotumika umeme ukikatika, yaani karibu kila siku.

Nilijitambulisha. Nilisema ninaitwa Ndaya, na mtaani wananiita Docteur.

"Hapa hatuite mutu Docteur," alisema. "Docteur anauliza, siye tunajibu. We utaitwa Osha-Lame mupaka siku utajua kitu."

Lame ni vile vioo vidogo vya kupakia damu au makohozi. Nimeosha themanini na sita. Ninampenda huyu mama.

2 Desemba

Lame.

3 Desemba

Lame. Na mvua.

10 Desemba

Mama Odile anasema nisifunge macho kabla ya kuona kituo kizima, kwa hiyo wiki hii amenipeleka kwa wenzake.

Jumatatu nilikuwa kwa mkunga, Fidélie. Alinipa mkono wa mama anayezaa niushike. Mama yule aliniminya hadi vidole vikafa ganzi, akamtukana mume wake na baba wa mume wake, kisha mtoto akatoka, na ghafla akaanza kuomba radhi kwa wote. Fidélie alikuwa akiimba kwa chini muda wote. Ni kazi nzuri, lakini inataka moyo mweupe, na wangu kwa sasa si mweupe.

Leo nilikuwa kwa Kitenge, anayenyoosha viungo. Wateja wake ni wachimbaji walioangukiwa na udongo. Alikuwa akimfundisha mwanaume mzima kupanda ngazi tatu. Ngazi tatu, asubuhi nzima. Nilimuuliza hachoki? Akasema, "Ule muzee alifika hapa juu ya mugongo ya mutoto wake. Leo njo atarudia kwake na miguu." Daktari aliyemfanyia yule mzee upasuaji yuko Lubumbashi, hajui hata kama anatembea.

Mwalimu wetu wa darasa la sita la sekondari hakutuambia habari hizi. Alitwambia tu: wenye akili waende udaktari, wengine Mungu awaone.

25 Desemba

Dokta Kankolongo amekula Noeli kwetu. Mama alinituma nimtilie sukari kwenye chai. Nilimtilia chumvi, vijiko vitatu. Aliinywa yote mbele ya wageni, jasho likamtoka. Nimelala mchana kama malaika.

8 Januari

Mama Odile ameanza kunifundisha kusoma makohozi. Unapaka kwenye lame, unatia rangi, unaosha, unakausha. Ukiangalia ndani ya mikroskopu unaona duara la bluu. Kama ugonjwa upo, ndani ya bluu kuna vijiti vyekundu, vyembamba kuliko ukope. Ukimaliza duara moja unasogeza lame, unasoma la pili, la tatu, hadi mia. Kama hakuna kijiti kwenye duara mia, ndipo unaruhusiwa kuandika négatif.

"Na nikisoma hamsini?"

"Basi umesoma hamsini. Usiandike négatif. Andika jina yako na uende kwenu."

16 Januari

Nimekiona! Duara la thelathini na nne, kijiti kimoja kimejipinda kidogo. Niliita kwa nguvu hadi wagonjwa wa nje wakachungulia. Mama Odile akatazama, akahesabu vingine vitano, akasema, "Njo yeye." Kisha akaniruhusu niandike jibu kwa mkono wangu. Mgonjwa ni mwanamke wa mtaa wa Kasulo, wamemwita leo hii hii, ameanza dawa leo hii hii.

Sijawahi kufurahi hivi. Hata siku ya poda sikufurahi hivi.

17 Januari

Dokta amesikia niko wapi. Alinikuta kwenye lango la parokia, akasimamisha gari. "Ndaya, usizoee sana. Labo ni ya bale benye masomo ilibashinda. We uko wa kiti." Nikamjibu, "Ndiyo, tata." Nyani haoni kundule. Kama kliniki yake ingekuwa na mtu wa kusoma duara mia, baba yangu angekuwa kwenye lori sasa hivi.

30 Januari

Nimeandika hotuba ya tarehe 18. Nimeisoma kwa sauti peke yangu, dakika nne. Inaanza na ile nyama aliyokula kabla ya wajomba, inapita kwenye serum, inafika kwenye "vipimo viko safi". Hapo nitanyamaza kidogo na kumtazama. Kisha nitauliza: Vipimo gani, tata? Ulipima nini? Utuoneshe karatasi.

Ninataka ainame. Ninataka asiweze kuinuka mpaka watu wamshike mkono.

11 Februari

Mvua tangu Jumapili. Mfereji wa mbele ya nyumba umejaa hadi ukingoni, umebeba viatu, mifuko, ndizi za mtu. Sipendi mwezi wa pili. Kuna jambo dogo la Februari iliyopita ambalo lilinirudia leo nilipotazama mfereji. Si la maana. Sitaliandika.

12 Februari

Mvua. Lame arobaini. Nimesoma ishirini mimi, ishirini yeye. Mia, mia, mia. Macho yanawaka.

19 Februari

Nimemwambia Mama Odile kabla ya kumwambia mama yangu: sitakwenda udaktari. Mwezi wa kumi nitajiandikisha ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, sehemu ya labo. Nilidhani atafurahi. Alifuta miwani yake muda mrefu, akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akasema, "Basi kuko kitu unapashwa kuona. Lakini si leo."

3 Machi

Asubuhi Mama Odile aliweka mbele yangu sanduku la mbao lenye namba 7. Lame zote zilizosomwa huhifadhiwa kwenye masanduku hayo, ili wakaguzi wa mkoa wakija wachague chache na kuzisoma upya bila kujua jibu la kwanza. "Hii hawakuichaguaka," alisema. "Soma yote. Andika majibu yako ku karatasi, kiisha tutalinganisha na kitabu." Akatoka, akasema anakwenda kununua sabuni. Sabuni ilikuwepo.

Lame zina namba tu, hazina majina. Nilisoma kwa utaratibu, kama alivyonifundisha. Namba 118 haikuwa na kitu kwenye duara la ishirini. Haikuwa na kitu kwenye la hamsini. Shingo iliniuma, nikataka kuiacha, nikasikia sauti yake kichwani. Kwenye duara la sitini na tatu nikaona vijiti viwili, rangi imefifia lakini ni vyenyewe. Kwenye la sabini na moja, vitatu. Nikaandika: positif.

Nikafungua kitabu kulinganisha. Kilisema: 118, Muteba, mwanaume, miaka 51, ametumwa na kliniki ya Dr Kankolongo. Négatif. Na pembeni, herufi moja ya sahihi: O.

Niliitoa lame ile kwenye mikroskopu. Makohozi ya baba yangu, mkononi mwangu, yamekauka. Dokta alimtuma. Dokta aliomba kipimo.

Mama Odile aliporudi hakuwa na sabuni.

"Umeona?" aliuliza.

"Mia moja na kumi na nane."

"Duara ya ngapi?"

"Sitini na tatu."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Mi nilikomea ku makumi mbili. Ilikuwa mvua, courant ilikatika, kioo haina jua, na lame makumi ine ziko zinaningoja. Docteur aliandika pembeni ya karatasi: palu, vérifier tu. Nikasema, ah, ni malaria, anahakikisha tu. Kiisha mu mwezi wa ine jibu ya Lubumbashi ikafika. Nikarudilia kusoma. Sitini na tatu."

"Ulijua tangu mwezi wa ine."

"Nilijua."

"Uliimba na mama ku korale. Ulinifundisha miezi tatu. Ulijua!"

"Kama ulikuwa unaenda ku médecine, singekuonesha. Lakini we utabakia humu. Mutu wa labo anapashwa kujua lame inaweza kufanya nini."

Nilimwambia kwamba tarehe 18 Aprili nitalitaja jina lake mbele ya ukoo mzima, na mbele ya korale, na mbele ya padri. Nilimwambia nitahakikisha hagusi tena mikroskopu Kolwezi hii. 

"Sema," alinijibu. "Nitakuja kusikia."

4 Machi

Sikwenda kazini.

5 Machi

Sikwenda. Nimechana hotuba ya kwanza, ninaandika nyingine. Hii inamhusu mama mnene mwenye sauti nzuri.

7 Machi

Nimeandika kila kitu nilichokiona kwenye kitabu kile isipokuwa mstari mmoja. Nimejaribu siku nne kuuacha ndani ya kitabu, hautaki kubaki huko.

Makohozi hupimwa mara mbili. Kopo la kwanza mgonjwa huleta siku anayofika. La pili hukohoa asubuhi inayofuata akiamka, na hilo ndilo bora, kwa sababu ugonjwa umelala kifuani usiku kucha. Hayo nayajua tangu Januari. Nimewaeleza wagonjwa zaidi ya mia kwa mdomo huu. Na chini ya jina la baba, kwenye mstari wa pili, Mama Odile aliandika: Kopo la pili halikuletwa.

Lilikuwa ndani ya mfuko mweusi. Mama alinipa mlangoni, Februari ile, nikiwa nimevaa sare, shati jeupe. "Pita kwa Docteur, bapeleke ku parokia. Ni ya baba yako. Usilisahau." Mvua ilikuwa kubwa. Nilisikia lile kopo likitikisika ndani ya mfuko. Wasichana wa darasa langu walikuwa wamejikinga chini ya kibaraza cha duka, wakaniita, wakauliza nimebeba nini. Nikasema hakuna kitu. Nikaufungua mkono juu ya mfereji. Maji yaliuchukua haraka sana, hata sikuuona ukienda.

Jioni mama aliuliza: "Ulipeleka?" Nikasema: "Nilipeleka, mama."

Nilidhani ni makohozi tu. Nilidhani wataomba mengine. Hawakuomba. Ndiyo maana hata humu daftarini nimejifanya sijui kwamba kipimo kiliombwa.

20 Machi

Nimerudi labo wiki moja sasa. Ninasoma, ninaandika, simwangalii Mama Odile usoni na yeye haniombi. Kila lame anayomaliza, mimi ninaisoma upya nyuma yake, mia nzima, na anaona. Ni kisasi kidogo, lakini nimeanza nacho.

Leo Dokta alikuja nyumbani. Mgomo umekwisha, masomo yanaanza tarehe 27 Aprili. Ameniletea stetoskopu yake ya ujana ndani ya kisanduku cha bati. Nilimuuliza pale pale:

"Tata, kopo ya pili ya baba haikufika. Juu ya nini hamukuomba ingine?"

Alikasirika. "We mutoto, unanifanyia jugement?" Kisha akatazama mlango, mama hakuwepo. "Mama yako aliniambia ulipeleka. Nikazania bale ba kwangu ao ba labo njo baliipoteza, nikaona si muzuri kugombana. Na ile négatif ya kwanza..." Aliuzungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Ile négatif ilinipa haki, ilionesha sikukosea. Nilikuwa nilisha kusema palu. Mutu anapenda kuwa na haki, Ndaya."

Ningemchukia vizuri zaidi kama asingesema hivyo. Lakini ninamchukia bado, asidhani.

2 Aprili

Mvua inapungua. Mama ameshonesha nguo ya tarehe 18, kitambaa cha njano chenye ndege. Ameijaribu mara tatu.

17 Aprili

Hotuba ya tatu. Ina mistari michache. Sijui kama nitaweza.

19 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa, nisiongeze kitu.

Misa ilikwisha saa nne. Uani kwetu kulikuwa na viti vya kukodi, wajomba mstari wa mbele na Dokta katikati yao. Korale ilisimama upande wa ufa wa ukuta, Mama Odile akiwa mstari wa pili, alikuja kama alivyosema. Shangazi walimwingiza mama ndani amevaa nyeusi, wakamtoa amevaa njano. Watu wakapiga vigelegele. Alikuwa ameshika mkononi kitambaa cheusi cha kichwani, alichokivaa mwaka mzima, kwa sababu hakuna aliyemwambia akiweke wapi. Alikuwa mzuri. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu ni mzuri.

Mjomba mkubwa akasema, "Docteur wetu aseme sasa."

Nikasimama. Nilisema siitwi Docteur, na sitakwenda Lubumbashi. Nilisema baba yangu hakuuawa na Mungu aliyependa. Nikamgeukia Kankolongo, nikasema: tata huyu aliandika malaria kabla ya jibu kufika, na jibu lilipofika nusu, hakuuliza nusu nyingine iko wapi. Aliinama. Kile nilichokitaka tangu Oktoba nilikiona, aliinama hadi nikaona kipara chake, na haikunishibisha.

Nikamgeukia Odile. Nikasema: mama huyu alitakiwa kusoma mia, akasoma ishirini. Hakuinama. Alisema kwa sauti, "Ni kweli," na wenzake wa korale wakasogea mbali naye, kila upande hatua moja.

Watu walianza kupiga kelele. Mjomba mmoja alimshika Dokta kola. Ningeweza kukaa hapo. Ilikuwa imekwisha, kisasi kimetimia, na hakuna mtu duniani aliyejua la zaidi. 

Nikasema: "Na kopo ya pili, miye njo niliitupaka mu mufereji."

Hawakusikia, kelele zilikuwa nyingi. Nikarudia kwa nguvu. Mara ya pili mama alisikia.

"Ulinambia ulipeleka," alisema.

"Nilikudanganya, mama. Mvua ilikuwa inanyesha. Niliona haya juu ya barafiki."

 Mama alinitazama kana kwamba anatafuta ufa mahali. Kisha akaja taratibu na nguo yake ya ndege, akakikunjua kile kitambaa cheusi, akanifunga kichwani. Alikaza fundo hadi likauma. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wageni waliondoka bila kula.

20 Aprili

Mama hasemi na mimi.

21 Aprili

Hasemi.

23 Aprili

Hasemi. Kitambaa sijakivua, hata kuoga ninaoga nacho. Mama Odile ameandika barua kwa wakaguzi, ameweka ndani yake lame namba 118 na majina yote matatu: lake, la Dokta na langu. Ameniomba niisome kabla ya kuituma. Niliisoma. Herufi zake ni nzuri.

27 Aprili

Leo masomo yameanza Lubumbashi. Mimi asubuhi nilipita kliniki, nikaweka kisanduku cha stetoskopu juu ya kiti cha ngozi. Dokta alikuwa dirishani, amenipa mgongo. Sijamsamehe. Odile sijamsamehe. Wa tatu ninaamka naye ndani ya ngozi moja na bado sijamsamehe.

Jana mzee mmoja wa Kasulo, Tata Mwenze, alileta kopo la kwanza. Nimelisoma duara mia, sikuona kitu. Leo alitakiwa kuleta la pili na hakuja, maana ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya mwisho labda, lakini ya kweli. Mama Odile aliangalia nje, akaniangalia mimi. Nilikuwa nimekwisha kuvaa mabuti.

Nilimkuta mzee amekaa kitandani, kopo liko sakafuni, limefungwa vizuri. Alitaka kunitafutia mfuko. Nilimwambia hapana. Nililibeba mkononi mtaa mzima, kila mtu alione. Nilipopita mbele ya nyumba yetu mama alikuwa mlangoni na unga wake, akaliona, akakiona kitambaa. Nikapita. Nilifika, nikapaka, nikatia rangi. Duara la tisa, limejaa. Mzee anaanza dawa kesho.

Mchana nilirudi kula. Mama bado alikuwa mlangoni. Akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu tarehe 18.

"Ulipeleka?"

"Nilipeleka, mama."

 Kisha akafunika unga, akavaa viatu, akachukua ule mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, akavuka mfereji, akaenda mwenyewe hadi parokia kumuuliza Mama Odile.